Shangazi Spana Anajibu: Nyuma ya Kamba ya Makumbusho

Toleo lililopita nilitaja kwa kupita kwamba kazi yangu ni kutunza magari na pikipiki za kale kwenye makumbusho, nikasema mwenye swali alilete. Kumbe nilifungua bomba. Barua zimemiminika, na wapo walioona jina la Shangazi wakaniletea kesi za ndoa. Hao waniwie radhi, mimi ninachojua kupatanisha ni klachi na giaboksi. Nimechagua yale ambayo wageni huniuliza mara kwa mara, na moja mbili za wabishi.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niliwapeleka wanangu makumbusho ya magari. Kila hatua tano kibao: USIGUSE. Gari lilipita matope na mawe enzi zake, leo kidole cha mtoto wa miaka sita kitalifanya nini? – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba, binti. Hasira yako naielewa, na vibao vingine vimeandikwa utadhani mgeni ni mwizi. Ila sababu ipo. Kidole kina jasho, jasho lina chumvi, na shaba au nikeli iliyong'arishwa haina msamaha. Alama isipofutwa mapema inakula chuma, na hapo kitambaa peke yake hakiiondoi. Itabidi tung'arishe, na kila tunapong'arisha tunaondoa tabaka jembamba la chuma chenyewe. Nimewahi kushika taa za shaba za magari ya kabla ya 1910 ambazo jina la mtengenezaji limefutika kabisa. Halikufutwa na wageni, limesuguliwa na watunzaji wenye bidii.

Rangi nayo ni hivyo hivyo. Kabla ya miaka ya 1920 bodi za magari zilipakwa kwa brashi, vanishi juu ya vanishi, kazi ya wiki kadhaa kwa gari moja. Rangi ya namna hiyo ikizeeka inakauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo, na ukucha ukipita inabanduka. Lakini mwanao wa miaka sita si adui yangu. Adui yangu ni mtu mzima mwenye begi la mgongoni anayegeuka ghafla kupiga picha, na yule anayeegemea madigadi akiwa amevaa mkanda wenye bizimu kubwa.

Makumbusho yanayojali watoto huweka pia kitu cha kushika: injini iliyokatwa nusu ili pistoni ionekane, usukani, au kiti kizee ambacho hakuna atakayekililia. Kama hapo ulipokwenda hakuna, waulize mezani kwa sauti. Maombi ya wageni yana nguvu kuliko yetu sisi wa gereji.

SWALI: Mimi na kaka yangu hatusemezani. Tumeiona pikipiki ya kwanza ya Daimler, ya mwaka 1885, yenye fremu ya mbao, kwenye makumbusho mawili ya miji tofauti. Bila shaka moja ni feki. Ni ipi? – Mbishi

JIBU: Zote mbili, ndugu yangu, kwa hiyo semezaneni.

Wajerumani Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliitengeneza mwaka 1885 wakaipa jina Reitwagen. Fremu ya mbao, injini ya silinda moja ya sentimita za ujazo 264, nguvu ya nusu farasi, na magurudumu mawili madogo ubavuni ya kuizuia isianguke. Plagi haikuwepo, moto ulitoka kwenye kijibomba kilichopashwa joto na kichomeo kilichokaa chini ya kiti. Inasimuliwa kwamba Paul, mtoto wa Daimler, alipoipanda Novemba mwaka ule, kiti kilishika moto. Ukiona mahali kichomeo kilipokaa, utashangaa kama kisingeshika. Sasa ile ile ya mwanzo iliteketea mwaka 1903 kiwanda cha Daimler cha Cannstatt kilipoungua. Kila unayoiona leo, popote pale, ni nakala.

Kutengeneza nakala si dhambi. Kuificha ndiyo dhambi. Kibandiko kinatakiwa kiandike wazi kwamba hii ni nakala na ilitengenezwa lini, tena kwa herufi kubwa sawa na za jina la Daimler. Nikiona neno hilo limeandikwa pembeni kwa herufi za kutafuta kwa miwani, nakuwa na wasiwasi na vibandiko vingine vyote ukumbini humo.

Vya asili vipo, ukijua pa kwenda. Gari la mvuke la Cugnot la mwaka 1770, kubwa, la mbao, na birika lake limening'inia mbele, liko Paris kwenye Musée des Arts et Métiers. Gari la kwanza la Karl Benz, lile la magurudumu matatu lenye hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya tarehe 29 Januari 1886, liko Deutsches Museum mjini Munich, na kuna nakala zake nyingi duniani. Kwa upande wa pikipiki, mtafute Hildebrand & Wolfmüller, iliyoanza kuuzwa mwaka 1894 na ndiyo ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Chache bado zipo. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,489 na haina klachi hata ya dawa. Mpandaji anaikimbiza kwa miguu, ikishika anarukia juu.

Na kama kibandiko kinakupa mashaka, chuchumaa. Usitazame rangi, tazama mahali miguu na mikono ilipokuwa. Kwenye chombo kilichotumika, ukingo wa pedali umelika upande mmoja zaidi ya mwingine, na vichwa vya skrubu vina makovu ya bisibisi za watu mbalimbali, wengine wazembe. Nakala haina uchovu. Au ina uchovu wa kupakwa, ambao umeenea sawasawa kila mahali, na mwili wa binadamu hauchoshi kitu sawasawa.

SWALI: Shangazi naomba ukweli. Hayo magari yenu yanawaka, au ni makopo yaliyopakwa rangi? Kama yanawaka, mbona hamyawashi tukasikia? – Mwanafunzi wa ufundi wa magari

JIBU: Mengine yanawaka, mengine yangewaka tukitaka, na yapo ambayo hayatawaka tena na sisi tumeridhia.

Hapa ndipo makumbusho yanapogawanyika. Barber Vintage Motorsports Museum, kule Birmingham, Alabama, wana mkusanyiko wa pikipiki unaotambuliwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani, zaidi ya 1,600, na msimamo wao ni kwamba pikipiki iweze kukimbia. Wana hadi uwanja wao wa mbio hapo hapo. Wengine husema kila mzunguko wa injini unakwangua chuma, na chuma cha mwaka 1905 kikishakwanguka hakirudi, ukiweka kipya unakuwa na injini nyingine. Mimi naegemea upande wa Barber, ingawa si kwa kila chombo. Injini isiyozungushwa kabisa nayo inakufa, ila kifo chake ni cha kimya: ringi zinagandana na silinda, sili zinakauka, oili chafu inayokaa ndani inageuka asidi na kula beringi.

Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, nikueleze tunavyoamsha injini iliyolala. Kwanza kabisa betri iondoke. Watu hupenda kuanza na betri, na ndipo wanapovunja pistoni. Toa plagi, mimina oili nyepesi kidogo katika kila silinda, kisha nenda zako. Siku kadhaa. Ukirudi, izungushe kwa mkono: gari, kwa spana kwenye nati ya krenki, pikipiki, weka gia ya juu na usukume gurudumu la nyuma taratibu. Spana ndefu ni kishawishi, iache sandukuni. Ikigoma, rudia oili na subira. Ikikubali, isikilize na uisikie kiganjani, kwa sababu ringi iliyovunjika hukwaruza kabla haijapiga kelele. Mwaga oili ya zamani juu ya kitambaa cheupe. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Ikimetameta, beringi zinakuaga.

Petroli iliyokaa miaka hugeuka gundi yenye harufu ya vanishi, na gundi hiyo huziba jeti za kabureta, matundu ambayo hata nywele inapita kwa shida. Mafuta ya kawaida ya breki hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo silinda za breki huota kutu kutokea ndani wakati nje zinang'aa. Halafu kuna suala la petroli ya leo. Ile yenye ethanoli hula mipira na gasketi za zamani. Na risasi, ile metali iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli, haimo tena. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli ya risasi kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Risasi ile ilikuwa sumu na imeondoka inavyostahili, ila ilikuwa inalinda viti vya vali, na injini nyingi za katikati ya karne iliyopita sasa zinahitaji viti vigumu zaidi au dawa ya kuchanganya. Usije ukamwekea dawa hiyo gari la 1910, lakini. Risasi ilianza kutiwa kwenye petroli miaka ya 1920, gari hilo halikuwahi kuijua.

Siku ya kuwasha, mwenzako asimame na kizima moto mkononi. Mkononi, si ukutani.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Babu alituachia pikipiki ya silinda moja, imo bandani tangu sijazaliwa. Imeota kutu, kiti kimeliwa na panya. Nataka niipige msasa, niipake nyeusi ya kung'aa, niweke kromu mpya, halafu niwape makumbusho. Nianzie wapi? – Mjukuu

JIBU: Marahaba, mjukuu. Anza kwa kuweka msasa chini.

Ngoja nikuonyeshe kitu. Kwenye ukumbi wetu kuna pikipiki ya miaka ya 1930, silinda moja, hakuna anayesimama mbele yake kwa sababu imekaa karibu na nyekundu inayong'aa. Tangi lake lina sehemu mbili za kubania magoti. Upande wa kulia mpira wa goti upo, umepasuka lakini upo, na rangi inayouzunguka ni nzima. Upande wa kushoto mpira ulidondoka zamani sana, na mpandaji hakuweka mwingine. Goti lake limekula rangi, likala na rangi ya chini yake, hadi bati likaonekana, laini na jeusi kidogo, umbo la yai. Chini ya kiti kuna bolti isiyo ya kiwanda, imefungwa na waya badala ya washa. Ukipiga magoti ukaangalia mambo hayo mawili unamjua yule mtu: alipanda sana, hakuwa na pesa, na alijua kufunga waya. Hatuna picha yake wala jina lake. Tungepaka tangi lile rangi tungebaki na pikipiki safi isiyo na mtu.

Kwa hiyo, babu yako. Kabla hujaitoa bandani, ipige picha pale pale ilipo, kila upande, pamoja na takataka zinazoizunguka. Kopo la nati na bolti lililoko karibu yake si takataka, ni sehemu yake. Nambari za fremu na za injini zinakili kwa kuweka karatasi juu na kupitisha penseli, usizikwangue. Tafuta karatasi yoyote: leseni, risiti, picha ya harusi ambamo pikipiki imeonekana nyuma kwa bahati. Kisha kaa na wazee waliobaki, uwarekodi leo, si mwezi ujao.

Kusafisha ni brashi laini, kitambaa, sabuni hafifu, basi. Kutu ya juu juu ipake oili nyepesi au nta, itulie. Humfukuzi kila mdudu wa kutu, unamzuia asiendelee. Na jihadhari na mambo matatu ambayo watoto wa siku hizi hawaambiwi. Vumbi la ndani ya breki na klachi za zamani mara nyingi lina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Usilipulize kwa upepo wa kompresa, lifute kwa kitambaa chenye maji. Baadhi ya saa na mita za zamani zenye mishale iliyong'aa gizani zilipakwa rangi ya radiamu, ambayo ina mionzi, usifungue kioo. Na tangi tupu la petroli ni bomu kuliko tangi lililojaa, kwa hiyo anayekuambia ulipeleke likachomelewe leo hii, mkimbie.

Je, hatukarabati kamwe? Tunakarabati. Chombo kikiwa kimeoza hadi hakisimami, au kimeshakarabatiwa vibaya na mtu mwingine, unaingia na unaandika kila ulichobadilisha. Mfano mzuri ni makumbusho ya magari ya Corvette kule Bowling Green, Kentucky, Marekani. Tarehe 12 Februari 2014, kabla ya mapambazuko, ardhi ilididimia katikati ya ukumbi na kumeza magari manane. Matatu yalitengenezwa upya. Matano yaliachwa yalivyotolewa shimoni, yamekunjika na udongo wake, yakawekwa yaonekane. Niliusifu uamuzi huo nilipousikia na ningali nausifu. Shimo lenyewe sasa ni sehemu ya historia ya magari yale.

Ukiwaendea makumbusho, watakuuliza nani mmiliki, na kama warithi wote wamekubali kwa maandishi. Hilo mlimalize nyumbani kwanza. Watauliza historia yake kabla ya kuuliza kama inawaka. Na wanaweza wakakataa, kwa sababu wanazo tatu za aina hiyo au kwa sababu hawana pa kuiweka, usinune. Usiwape masharti kwamba ikae mlangoni daima. Makumbusho yanayokubali masharti ya namna hiyo hayana mpango.

Kiti kilicholiwa na panya, acha. Ila panya mwenyewe ashughulikiwe.

SWALI: Mwalimu wetu anasema magari ya umeme ni ya kale. Baba anasema ni ya juzi. Nani amekosea? – Darasa la sita

JIBU: Baba yako ni mtu mzima, mwambie kwa adabu. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme lenye umbo la risasi kubwa, La Jamais Contente, karibu na Paris, akafika kilomita 105.88 kwa saa. Ndilo gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa, na lilifanya hivyo bila tone la petroli. Limehifadhiwa Compiègne, Ufaransa. Angalia picha yake: mwili umechongwa ukate upepo, halafu Jenatzy mwenyewe amekaa juu, kuanzia kiunoni yuko nje nzima. Sijui upepo waliokuwa wanaukata ni upi.

SWALI: Shangazi, kwenye makumbusho niliyotembelea, kijipikipiki cha Honda kimepewa jukwaa na taa zake, wakati kuna gari la kifahari limebanwa kwenye kona. Kijipikipiki hicho nakiona barabarani kila siku. Hii ni haki kweli? – Mpenda magari

JIBU: Ni haki, na aliyepanga ukumbi ule ningempa mkono.

Hiyo nadhani ni Super Cub, iliyotoka mwaka 1958. Ina injini ndogo, klachi inayojifanyia kazi yenyewe ili mpandaji abadili gia kwa mguu tu, ngao ya plastiki ya kukinga miguu na tope, na fremu iliyoshuka katikati ili mwenye sketi apande bila kuruka. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini kilichofika hapo. Sasa weka kando yake gari la kifahari la Bugatti Royale, injini ya lita zaidi ya 12, yaliyotengenezwa machache mno na yamebaki sita tu, na wateja walinunua matatu. Injini zilizobaki zilifungwa kwenye treni. Nalipenda Royale, lina boneti ambayo unaweza kuitembea kwa hatua, lakini ukiniuliza kipi kilibadilisha jinsi watu wanavyofika kazini, hospitali na kwa wakwe, sihitaji kufikiri.

Makumbusho mengi ya magari yalianza kama mapenzi ya tajiri mmoja, ndiyo maana yamejaa magari ya matajiri. Kisa kikubwa ni cha ndugu wawili Schlumpf, wenye viwanda vya kusokota sufu huko Mulhouse, Ufaransa. Walinunua magari kimyakimya kwa miaka, zikiwemo Bugatti zaidi ya mia moja, wakayaficha kwenye jengo la kiwanda. Viwanda vikafilisika. Mwaka 1977 wafanyakazi waliokuwa wanadai haki zao waliingia ndani ya jengo lile, na hebu fikiria walichokikuta: safu kwa safu za magari yanayong'aa, chini ya taa za barabarani za mapambo. Wakalikalia jengo, wakawa wanawafungulia wananchi waje waone. Tangu 1982 ni makumbusho rasmi, na Royale mawili kati ya yale sita yamo humo.

Tena bei si kipimo. Mwaka 2022 Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé ya mwaka 1955 iliuzwa euro milioni 135, mnada ukafanyika ndani ya makumbusho ya Mercedes-Benz yenyewe, Stuttgart. Yalitengenezwa mawili tu. Ni gari zuri mno. Lakini hakuna mgeni atakayesimama mbele yake akasema "baba alikuwa nalo", na mbele ya Super Cub nayasikia maneno hayo kila wiki, kisha mgeni anaanza kusimulia mambo ambayo hatuna kwenye jalada.

SWALI: Kwa nini makumbusho yetu hayataki hata sherehe ndogo ya usiku, na uvutaji sigara umepigwa marufuku mpaka nje ya lango? – Mwandaaji wa hafla

JIBU: Septemba 2003 moto uliingia National Motorcycle Museum karibu na Birmingham, Uingereza (ile Birmingham nyingine), ukateketeza mamia ya pikipiki. Chanzo kilichotajwa ni kipande cha sigara. Januari 2021 makumbusho ya pikipiki ya Hochgurgl, mlimani Austria, nayo yakaungua. Waliokuwa Uingereza walijenga upya na kukarabati nyingi, wakafunga mitambo ya kumwaga maji darini. Fanya sherehe yako, ila kwenye ukumbi usio na mbao za miaka mia na matangi yaliyowahi kushika petroli.

SWALI: Salaam Shangazi. Nimeendesha malori maisha yangu yote, ya gia kumi na zaidi. Rafiki ana Ford Model T, akaniruhusu nijaribu. Nikakanyaga klachi, gari likaruka mbele. Nikakanyaga breki, likarudi nyuma. Nilishuka jasho linanitoka. Hili gari lina pepo? – Dereva mstaafu

JIBU: Salaam, kaka. Halina pepo, lina Henry Ford. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, kwa hiyo watu walilizoea, tena wengi wao hawakuwahi kuendesha kitu kingine. Tatizo lako ni kwamba miguu yako inajua mambo mengi mno.

Pedali ni tatu lakini kazi zake sizo. Ya kushoto si klachi unayoijua: ukiikanyaga hadi chini ni gia ndogo na gari linaondoka, ukiishikilia katikati ni huru, ukiiachia kabisa, mradi wenzo wa mkono umesukumwa mbele, ni gia kubwa. Ya katikati ni kurudi nyuma. Ya kulia ndiyo breki, na inashika kwenye giaboksi, si kwenye magurudumu. Petroli huiongezi kwa mguu. Ni kijiti kilicho chini ya usukani upande wa kulia. Kijiti cha kushoto ni cha kuwahisha au kuchelewesha moto wa plagi.

Ukilijaribu tena, vuta wenzo wa mkono nyuma kabisa kabla ya yote. Hapo gari liko huru na breki ya magurudumu ya nyuma imeshika. Ukitaka kuondoka, ongeza petroli kidogo kwa kidole, shikilia pedali ya kushoto katikati, peleka wenzo mbele, kisha ikanyage hadi chini. Likishapata mwendo punguza petroli, achia mguu, ongeza tena. Kusimama ni mguu wa kushoto katikati na wa kulia breki, mapema kuliko unavyodhani, maana lori lako lina breki na hili lina matumaini.

Na kama ni lile la kuwasha kwa hendeli, angalia kijiti cha kushoto kiwe juu, moto uwe umecheleweshwa. Ukisahau, injini inapiga kinyume na hendeli inarudi na mkono wako. Cadillac walileta stata ya umeme mwaka 1912, na mafundi wa mifupa walipungukiwa wateja. Vuta hendeli kutoka chini kwenda juu, usiisukume kwenda chini, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine.